Mkomamanga wangu unachanua sana lakini hauzai: nifanye nini?

Swali: Shikamoo bwana shamba. Naishi Tanga mjini na nina mkomamanga mmoja uani, nilioletewa na shangazi yangu kutoka Pangani ukiwa chipukizi lililochimbwa shinani mwa mti wake. Sasa una miaka minne na umenipita urefu. Naumwagilia ndoo moja kila jioni, maji ya jikoni nayo yanapita hapo hapo, na kila mwezi nauwekea mbolea ya kuku. Jua linaupata tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Unatoa maua mwaka mzima, lakini karibu yote yanaanguka. Mwaka jana nilibaki na matunda saba. Mwezi wa Novemba nilisafiri kwa wiki mbili, niliporudi nikakuta mvua imenyesha na manne yamepasuka, na kati ya yaliyosalia mawili yalikuwa na funza ndani. Mti wa shangazi hakuna anayeuhangaikia, na kila mwaka unazaa. Je, niongeze mbolea, nipige dawa, au niung'oe nipande mwingine?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usiung'oe mti huo, na dawa nayo iache kwanza dukani. Kwa maelezo uliyonipa, na hasa kwa hilo la mti wa shangazi yako, naamini kabisa kwamba mkomamanga wako ni mzima. Shida yake ni kwamba unalelewa kama mchicha, ilhali ni mti wa nchi kavu, uliozoea kushikwa na kiu kwa muda fulani wa mwaka na kisha kupata maji yasiyokatika katika muda uliobaki.

Nianze na yale ambayo hayana lawama, ili tusipoteze muda nayo. Mbegu haina lawama. Mkomamanga uliooteshwa kwa punje hauaminiki, kwa sababu punje za tunda moja tamu zinaweza kutoa miti yenye matunda makali, madogo au yenye kokwa ngumu, na mwenye mti hayajui hayo hadi miaka kadhaa ipite. Wako ni chipukizi la shinani, maana yake ni mti ule ule wa shangazi unaoendelea kuishi mahali pengine, na uwezo wa kuzaa ulio nao ule wa Pangani, huu nao unao. Jua linatosha pia, maana mkomamanga unahitaji walau saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku na wako unazizidi. Upweke wake si tatizo, kwa kuwa mkomamanga hujichavusha wenyewe, ingawa huzaa zaidi ukiwa na jirani. Hata umri umeshatimia. Kinachobaki ni malezi, na hapo ndipo wewe na shangazi mmetofautiana.

Mkomamanga asili yake ni ukanda unaoanzia Irani hadi kaskazini mwa India, na jina lake la Kiswahili linaonyesha upande tulioupatia: hilo "manga" lililo mwishoni ndilo lile la pilipili manga, yaani Uarabuni. Wenye jamaa zao Oman watakuwa wamesikia sifa za makomamanga ya Jabal Akhdar, ambako vijiji viko kwenye uwanda wa juu unaokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na miti imepandwa kwenye matuta ya ngazi yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji. Huko mti hupukutisha majani yake yote wakati wa baridi na kulala. Baridi ikiisha, huamka na kuchanua kwa pamoja, kisha hupewa maji kwa zamu isiyovunjika hadi matunda yavunwe, kati ya Agosti na Oktoba. Sisi wa pwani hatuna baridi ya kuupumzisha mti huu. Ukipata maji kila jioni na mbolea kila mwezi, haupumziki kamwe, bali huchanua kidogo kidogo mwaka mzima, na maua hayo ya kudokoadokoa ndiyo unayoyafagia kila asubuhi.

Hebu yatazame maua yenyewe, maana yatakuonyesha jambo ambalo watu wengi hawalijui. Okota maua kumi yaliyoanguka leo, kisha chuma mtini ua moja au mawili ambayo kitako chake kimenenepa. Yaweke mezani. Utaona kwamba mkomamanga una maua ya maumbo mawili. Lipo lenye umbo la kengele, ambalo upande wa kikonyo limechongoka na mdomoni limepanuka. Lipo pia lenye umbo la mtungi, ambalo kitako chake ni kipana na kimevimba, kisha linabanwa kidogo shingoni kabla ya kufunguka. Chukua wembe, lipasue ua la mtungi kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye taji lake. Ndani ya kile kitako kuna chumba kilichojaa vijimbegu vidogo kama chenga za mchele, na kutoka hapo inapanda nguzo moja nene inayopita katikati ya nyuzi zenye chavua ya njano mpaka kuzifikia kimo au kuzipita. Hilo ni ua kamili, na ndilo linaloweza kuwa tunda. Sasa lipasue la kengele. Nguzo ni fupi na imefichika chini ya nyuzi, na kitako hakina nafasi ya kitu chochote. Hilo ni ua la kiume kwa kazi yake. Hutoa chavua, kisha huanguka, na lingeanguka hata kama ungelimwagia maji ya zamzam.

Kwa hiyo sehemu ya maua yanayoanguka si hasara, na katika mti mzima kabisa nusu ya maua au zaidi huwa ni kengele. Jambo la kujiuliza ni kama kuna mitungi ya kutosha, na kama mitungi hiyo inashika. Mti uliopumzika ukachanua kwa pamoja hutoa mitungi mingi zaidi katika mkupuo wa kwanza, hasa kwenye vijitawi vifupi vilivyokomaa. Mti unaonyweshwa na kulishwa bila kikomo hutumia nguvu zake kwenye majani na fito ndefu laini, na maua yake mengi huwa ya kengele. Ukiyahesabu yale kumi uliyookota ukakuta tisa ni kengele, basi umeshaliona tatizo lako kwa macho yako mwenyewe, bila kumlipa mtaalamu.

Mbolea ya kuku ndiyo ya kwanza kusimamishwa. Mbolea hiyo ni nzuri, lakini ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe au mbuzi, na naitrojeni ndiyo chakula cha majani. Kuanzia leo usiweke tena hadi nitakapokueleza hapa chini, na wakati huo itakutosha nusu ndoo ya mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza kwa miezi mitatu au zaidi, au badala yake ndoo mbili za samadi ya ng'ombe iliyooza, mara moja kwa mwaka. Usiirundike shinani. Chimba mfereji mwembamba wa duara chini ya ncha za matawi, ambako mizizi inayokula ndiko iliko, utie mbolea humo na kuifukia.

Huenda ukashauriwa uongeze majivu kwa sababu yana potasiamu, inayosaidia matunda. Ni kweli yanayo, lakini majivu huzidisha magadi ya udongo, na maeneo mengi ya pwani yetu yamekaa juu ya mawe ya matumbawe ambayo tayari yana chokaa nyingi. Jaribio lake ni rahisi: chukua udongo mkavu wa uani, udondoshee siki, na ukitoa povu usiweke majivu hata kijiko, kwa kuwa udongo wa namna hiyo huunyima mti chuma na zinki, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukitaka kujua zaidi kuhusu udongo wako, jirani yako wilayani Muheza kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mkonge na udongo. Kupima udongo ni bora kuliko kununua mbolea za madini madogomadogo kwa kubahatisha, kwa sababu baadhi ya madini hayo, boroni kwa mfano, yakizidi kidogo tu huunguza mti.

Sasa nifike kwenye kiini cha jibu langu, nacho ni kiu. Wakulima wa Maharashtra nchini India, hasa wa upande wa Solapur, wanalima makomamanga katika nchi ambayo nayo haina baridi ya kutosha kuulaza mti, na wamekwishapata njia yake zamani. Huchagua msimu mmoja wa kuchanua, ambao wao huuita bahar, na kabla ya msimu huo huukatia mti maji kwa mwezi mmoja hadi miwili, mpaka majani yafifie na mengi yapukutike. Baada ya hapo huupogoa kidogo, huutia mbolea, na kurudisha maji taratibu. Mti ulioonja kiu ya namna hiyo huamka na kuchanua wote kwa wakati mmoja. Wanazo bahar tatu za kuchagua, ya Januari na Februari, ya Juni na Julai, na ya Septemba na Oktoba, na kila mkulima huchagua kulingana na mvua na maji aliyonayo.

Kwa Tanga, ushauri wangu ni kwamba uchague maua ya mwishoni mwa Agosti na Septemba. Nitakueleza sababu. Komamanga huchukua kama miezi mitano hadi sita, na wakati mwingine saba, tangu ua hadi kuiva. Ukipata maua Septemba, tunda linakua wakati wa vuli likiwa bado changa na ganda lake likiwa laini la kunyumbuka, kisha linaivia Februari hadi mwanzoni mwa Machi, wakati wa kaskazi na jua kali, kabla masika hayajaanza. Jua la kipindi hicho ndilo linalolipa utamu. Ukiacha mti uchanue wakati wa masika, mvua itaosha chavua, nyuki hawatatoka, na ukungu utaingia mauani. Na matunda machache yatakayoshika yatakuwa yamekaribia kuiva vuli inapoanza, na hapo ndipo yanapopasuka. Hivyo hasa ndivyo ilivyokuwa kwako mwezi wa Novemba.

Ratiba yenyewe ni hii. Masika yakiisha, tangu mwishoni mwa Juni, usiumwagilie mti maji kabisa. Ondoa matandazo yote yaliyo chini yake ili ardhi ikauke, na maji ya jikoni yapeleke kwingine. Kwa kweli yapeleke kwingine moja kwa moja, kwa sababu sabuni na chumvi zilizomo hujikusanya udongoni hata kama mkomamanga ni mvumilivu wa chumvi kuliko miti mingi ya matunda. Udongo wa kichanga hukauka upesi, kwa hiyo wiki nne hadi tano zinatosha. Udongo mzito ungehitaji zaidi. Majani yatapauka na sehemu kubwa itaanguka, na majirani watakwambia kwamba mti unakufa. Vumilia. Manyunyu ya mchoo yakishuka Julai usihuzunike, hayafuti kazi yote uliyoifanya, ongeza tu siku kumi. Mti wenye umri kama wa huu wako unaweza kuistahimili kiu hiyo. Mche wa mwaka mmoja au miwili usiufanyie hivyo, wala ulio kwenye chungu.

Mwishoni mwa Julai upogoe. Mkomamanga ukiachwa hugeuka kichaka, kwa sababu kila mwaka huchipua shinani fito nyingi zinazonyonya chakula bila kuzaa. Chagua mashina matatu au manne yaliyo imara na yaliyoachana vizuri, mengine yote pamoja na machipukizi ya shinani yakate mpaka ardhini. Toa matawi yaliyokauka, yanayosuguana na yanayoingia katikati, mpaka ukisimama chini ya mti uione mbingu. Vaa glavu, miiba yake ni mikali. Hapo hapo ishia. Usiukate ncha zote kama mtu anayepunguza michongoma, kwa sababu matunda mazuri hubebwa na vijitawi vifupi vilivyo kwenye matawi ya miaka miwili au mitatu, na anayevikata vyote kwa kupenda unadhifu hukata mavuno yake. Ukimaliza kupogoa, tia ile mbolea ya mwaka kwenye mfereji wa duara.

Wiki ya kwanza ya Agosti rudisha maji. Siku ya kwanza upe nusu ndoo tu, baada ya siku tatu ndoo moja, kisha uingie kwenye utaratibu ambao hutauvunja hadi mavuno: ndoo mbili za lita 20 kila baada ya siku tatu, zimwagwe polepole kuzunguka duara lile la chini ya ncha za matawi, wala si shinani. Mvua ikinyesha ya kutosha, ruka zamu. Kipimo cha kuaminika ni udongo wenyewe: chimba kwa mkono kina cha kiganja kimoja, fumbata udongo wa hapo, na ukishikamana kidogo kisha ukavunjika, maji yanatosha. Rudisha matandazo ya majani makavu au nyasi kwa unene wa kiganja, uyaache mbali kidogo na mashina ili gome lisioze.

Huenda unajiuliza ndoo mbili kwa siku tatu zina tofauti gani na ndoo moja kila jioni. Tofauti ni mizizi. Ndoo moja ya kila siku inayomwagwa shinani hulowanisha inchi chache za juu, na mizizi haina sababu ya kushuka, kwa hiyo hujazana juu juu kama nywele. Uliposafiri wiki mbili, tabaka hilo la juu lilikauka lote na mti ukashikwa na kiu ya ghafla wakati una matunda makubwa. Ganda la komamanga linapokaribia kukomaa hukakamaa, na likikosa maji hukakamaa zaidi. Kisha ikaja mvua kubwa, mizizi ikanywa kwa pupa, punje zilizomo ndani zikavimba, na ganda lisiloweza tena kunyumbuka likapasuka, mara nyingi usiku mmoja tu. Mti wa shangazi haumwagiliwi, ndiyo maana mizizi yake ilikwenda chini kuyatafuta maji ambayo hayakauki kwa wiki mbili, na unapata kiangazi chake bila mtu kuupangia. Kuachwa kwake ndiko kulikouokoa, ingawa naamini kwamba nao ungepewa maji ya mpangilio kuanzia Agosti, shangazi angeona matunda ambayo hajawahi kuyaona.

Ukiwa na safari, tumia mbinu ya mtungi. Nunua sokoni mitungi miwili ya udongo isiyopakwa rangi, ifukie kuzunguka mti ibaki midomo tu, ijaze maji na kuifunika. Maji hupenya ukutani mwa mtungi kidogo kidogo kadiri udongo unavyokauka, na jirani atakayepita mara moja kwa wiki kuijaza anatosha.

Maua yakifunguka Septemba, usipulizie mti dawa ya wadudu ya aina yoyote, kwa kuwa utaua nyuki wanaokufanyia kazi. Ukiona nyuki ni wachache, fanya kazi yao mwenyewe: asubuhi umande ukishakauka, chuma ua la kengele lililofunguka vizuri, lichane taji lake, na uziguse nyuzi zake zenye chavua kwenye ncha ya ile nguzo ya katikati ya ua la mtungi. Ua moja la kengele linatosha maua matatu au manne ya mtungi. Siku chache baadaye utaona kitako cha mtungi kinang'aa na kuendelea kuvimba huku petali zikinyauka, hapo limeshika. Kwa mti wa miaka minne, matunda 20 hivi yanatosha. Palipo na matunda mawili au matatu yaliyoshikana kwenye kijitawi kimoja, acha moja, japo najua roho inauma, na maua yatakayotoka baada ya Oktoba yaondoe.

Kuachanisha matunda kunatuleta kwa yule funza. Mama yake ni kipepeo mdogo wa jamii ambayo wataalamu huiita Deudorix. India wanasumbuliwa na Deudorix isocrates, Uarabuni na Deudorix livia, na hapa Afrika yupo Deudorix antalus. Hutaga yai moja moja kwenye taji la tunda changa, au kwenye ganda pale ambapo matunda mawili yamegusana. Chukua kioo cha kukuzia uchungulie kwenye mikunjo ya taji, utaliona yai kama kidoti cheupe kisichozidi kichwa cha pini. Funza akianguliwa hutoboa ganda na kuingia ndani kula punje, na akishaingia hakuna dawa ya kupuliza itakayomfikia. Unachoona wewe ni kitundu cha mviringo chenye kinyesi cheusi mdomoni, na baadaye harufu ya kuoza, kwa kuwa ukungu na inzi hufuata njia aliyoifungua.

Kinga yake ni mfuko. Matunda yakifika ukubwa wa ndimu, kila moja livishe mfuko wa bafta nyepesi au kitambaa kingine kinachopitisha hewa, ukafungwe kwa uzi kwenye kijitawi juu ya kikonyo. Mfuko wa karatasi ya kaki hufaa nchi kavu, lakini kwa vuli yetu utaloa na kuchanika. Usitumie plastiki, tunda litachemka na kuota ukungu. Kabla ya kulivisha, safisha taji kwa brashi ndogo kavu, ili usimfungie adui ndani. Matunda 20 ni kazi ya asubuhi moja, na mifuko hiyo utaifua na kuitumia mwaka unaofuata. Tunda lolote lenye kitundu litoe siku hiyo hiyo, lichome moto au lifukie kina cha mkono; ukilitupa jalalani pembeni mwa ua, umemlea kipepeo wa mwezi ujao.

Vidukari watakaoonekana kwenye ncha changa baada ya mti kuamka hawana haja ya sumu. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, jioni, kwa siku tatu zinazofuatana, na uwazuie sisimizi wanaowalinda.

Kuhusu magonjwa, unyevunyevu wa pwani huleta madoa meusi kwenye majani na ganda, na kinga kubwa ni ule mwanga na hewa ulioingiza ulipopogoa, pamoja na kuokota majani na matunda yaliyoanguka. Ikiwa mwaka uliopita madoa yalikuwa mengi, unaweza kupulizia dawa ya ukungu yenye shaba mara moja baada ya kupogoa, kabla maua hayajatoka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko na iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kuna pia kuoza kwa moyo, ambako tunda linaonekana zima kwa nje lakini punje za ndani zimekuwa nyeusi; ukungu wake huingia wakati wa ua, na tunda la namna hiyo ukilipima mkononi ni jepesi kuliko wenzake. Usiliache mtini.

Kuvuna kunataka subira, kwa sababu komamanga haliivi tena likishachumwa, tofauti na embe au ndizi. Rangi peke yake hudanganya, maana aina nyingine huiva zikiwa na wekundu hafifu. Bibi mmoja wa Pangani alinifundisha kulitazama umbo: tunda changa ni mviringo kama mpira, lakini lililoiva mashavu yake hujaa na kufanya pembe pembe, ganda hupoteza mng'ao, na ukilipiga kwa ukucha hulia mlio mkavu kama wa kibati. Likate kwa mkasi ukiacha kikonyo kifupi, usilisokote, kwa kuwa kulisokota huchana ganda na tunda lililochanika halikai. Lenye ganda zima hudumu wiki kadhaa kwenye kapu mahali penye ubaridi.

Umeuliza kama upande mwingine. Panda, lakini usiung'oe huu. Siku ile ya kupogoa mwishoni mwa Julai, katika matawi uliyoyatoa chagua fito zilizokomaa zenye unene wa penseli, zikate vipande vya sentimita 20 hadi 25, upande wa chini ukate mshazari ili usije ukavipindua, na uvichomeke kwenye mifuko yenye mchanga na mboji mpaka theluthi mbili ziwe chini. Viweke kivulini na kuvinyunyizia maji kidogo kila siku. Miezi miwili hivi baadaye vitakuwa na mizizi. Viache kwenye mifuko mpaka masika yanayofuata, kisha mche ulio bora kuliko wote uupande kwenye shimo la sentimita 60 kila upande, mita nne kutoka kwa mama yake, mahali ambapo maji ya jikoni hayafiki.